Mvua, Dhahabu na Kumcha Mungu

Sura ya 28 ya kitabu cha Ayubu ingeweza kuandikwa Nyarugusu, kwenye machimbo ya dhahabu ya Geita. Inasimulia watu wanaotoboa mwamba mbali na makazi ya wenzao, wakining'inia mashimoni, wakipeleka mwanga mahali ambapo hata jicho la tai halijafika, mpaka wanatoka na dhahabu na vito. Kisha mwandishi anauliza hekima nayo inachimbwa wapi. Anajibu kwamba haimo katika shimo lolote, hakuna dhahabu ya kuinunua, na anayeitaka amche Mungu na kujitenga na uovu. Waislamu wa Kahama na Geita wanalijua fundisho la aina hiyo kupitia Luqman, ambaye Kurani inasema alipewa hekima, na jambo la kwanza aliloamriwa baada ya kupewa ni kushukuru. Ni fundisho linalohubiriwa kila wiki, na kwa sababu hiyo halihojiwi sana. Je, ni kweli kwamba ibada huufungua moyo ukapokea hekima itokayo kwa Mungu? Mwanahistoria hana mizani ya kupimia moyo wa mtu. Anachoweza kukiona ni watu walimwomba Mungu nini, na walipokikosa walimtendea nini jirani yao. Kwa kipimo hicho, historia ya Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita inatoa jibu lenye masharti. Ibada imefungua mioyo huku pale ilipomzoesha mtu kungoja bila kuahidiwa kitu. Pale ilipolipiwa ili ilete jibu, ilifunga mioyo hata kama ilifanywa kwa bidii kubwa zaidi, na mara nyingine iliua.

Tuanze na mvua, kwa kuwa mvua ilitangulia dhahabu. Mkulima wa Shinyanga anaishi kwenye nchi kame, ambako msimu unaweza kuanza vizuri mwezi Novemba kisha ukakatika mtama ukiwa unachanua. Katika himaya za Wasukuma, Wanyamwezi na Wasumbwa, mtemi alibeba mzigo wa jambo hilo. Hans Cory, Mwaustria aliyefanya utafiti wa mila kwa serikali ya kikoloni na kuchapisha kitabu kuhusu watemi mwaka 1951, alionyesha kwamba utemi ulikuwa kazi ya ibada kabla haujawa kazi ya kodi na hukumu. Afya ya mtemi, mwenendo wake na matambiko yake vilihesabiwa kuwa kitu kimoja na afya ya nchi. Chini yake kila mji ulikuwa na ibada yake. Wahenga, wanaoitwa masamva, walitajwa kwa majina yao na kumiminiwa pombe au maziwa, na juu yao alikuwepo Mungu aliyeitwa Seba, Likube au Liwelelo, ambaye hakuwa akisumbuliwa kwa kila jambo dogo. Mtu akiugua au mvua ikigoma, swali la kwanza katika utaratibu huo lilikuwa tumekosea wapi. Kuna mhenga aliyesahauliwa? Kuna ndugu waliogombana na hawajapatanishwa? Swali la namna hiyo humrudisha anayeuliza ndani ya nyumba yake mwenyewe, na kwa maoni yangu lina hekima ambayo wengi waliokuja baadaye hawakuiona.

Hata hivyo tusiipambe zamani. Ndani ya utaratibu huohuo lilikuwepo swali la pili, nani ametufanyia hivi, na lenyewe halikuwa na subira. Mvua ikikosekana kwa muda mrefu, banang'oma, yaani wazee wa baraza waliomchagua mtemi, waliweza kumwondoa. Mganga aliyepiga ramli aliweza kutaja sababu iliyo ndani ya ukoo, na aliweza vilevile kumtaja mtu. Maswali haya mawili yaliishi chini ya paa moja kwa karne nyingi, na hakuna dini iliyoingia baadaye ambayo imefanikiwa kulihamisha moja na kuliacha jingine. Kilichobadilika kadiri miaka ilivyokwenda ni lipi kati yake lililopewa nguvu, na nani aliyenufaika nalo.

Mapadri Weupe, shirika la wamisionari Wakatoliki, walifika kusini mwa Ziwa Victoria wakitokea Uganda, wakafungua Bukumbi mwaka 1883, na mwaka 1891 wakajenga misheni Ushirombo, ambayo sasa imo wilaya ya Bukombe mkoani Geita. Ushirombo ilikua haraka ikawa makao ya Askofu Gerboin na kijiji cha Wakristo, wengi wao watu waliokombolewa utumwani. Kitu kinachostahili kuangaliwa kwa karibu pale ni kanuni ya ubatizo. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika hilo, aliagiza mtu mzima asibatizwe kabla ya miaka minne ya maandalizi, isipokuwa akiwa katika hatari ya kufa. Miaka miwili ya mwanzo alikuwa mwombaji tu, anajifunza sala na misingi ya imani. Miwili iliyofuata alikuwa mkatekumeni kamili. Ingekuwa rahisi kuhesabu vichwa, na wamisionari wengine wa wakati ule walivihesabu. Lavigerie alifufua desturi ya Kanisa la karne za mwanzo kwa sababu aliogopa imani ya juu juu. Matokeo yake kwa mkulima wa Kisumbwa yalikuwa makubwa kuliko hofu hiyo. Alitakiwa kusali asubuhi na jioni kwa misimu minne ya mvua, mizuri na mibaya, bila kupewa sakramenti na bila kuahidiwa mavuno. Alikuwa anazoea kumwomba Mungu ambaye hajibu kwa ratiba ya mwombaji.

Mtu anaweza kupinga kwamba wengi wa Ushirombo hawakuwa na pa kwenda. Mtoto aliyetolewa utumwani na kulelewa misheni hakuchagua miaka minne kama mtu huru anavyochagua, na msalaba uliingia nchini sambamba na bunduki za Wajerumani. Hoja hii ni ya kweli, na inatosha kumzuia mtu asiseme kwamba kila aliyebatizwa pale alifunguka moyo. Haitoshi kueleza makatekista. Hao walikuwa wenyeji waliotoka misheni wakarudi vijijini, ambako hakukuwa na ukuta wa misheni wala posho ya maana, wakakaa na wagonjwa na kufundisha watoto sala. Imani ya Kikatoliki katika eneo hili ilienezwa zaidi na miguu yao kuliko na mapadri, na mtu aliyelazimishwa hafanyi kazi hiyo miaka thelathini.

Upande wa Kiprotestanti njia ilikuwa nyingine lakini subira ilikuwa ileile. Africa Inland Mission iliipokea Nassa, kando ya ziwa, kutoka kwa Waanglikana mwaka 1909, na mwaka 1913 ikaanza kazi Kolandoto, karibu na mji wa Shinyanga. Agano Jipya kwa Kisukuma lilichapishwa mwaka 1925, na Biblia nzima ikangoja hadi 1960, kwa hiyo kizazi kizima kiliishi na nusu ya kitabu. Lakini ushahidi mzito wa Kolandoto ni hospitali. Daktari Nina Maynard alihudumu pale kwa miongo mingi, akiwatibu wajawazito, watoto na wenye ukoma. Ukoma ni ugonjwa unaokaribisha swali la nani kuliko karibu ugonjwa mwingine wowote: unaonekana usoni, hauui haraka, na unamtenga mtu na ukoo wake. Watu waliokuwa wakianza siku kwa sala na kisha kuosha vidonda vya wenye ukoma walikuwa wanafundisha jambo ambalo hotuba isingelifundisha, kwamba mateso ya mtu yanaweza kuhudumiwa bila kumtafuta aliyeyaleta. Ni kweli wamisionari haohao waliyaita matambiko ya masamva ushetani na kutupa pamoja nayo maarifa ya dawa na ya upatanisho ambayo wangeweza kujifunza. Padri David Clement, Mkanada aliyeanzisha kituo cha Bujora upande wa Mwanza miaka ya 1950, alitumia maisha yake kurekebisha kosa hilo, akaleta ngoma na alama za utemi hadi ndani ya kanisa. Hekima ilichelewa kuwafikia hata wale waliodai kuileta.

Kisha dhahabu. Wajerumani waliona dalili zake Geita mwaka 1898, Waingereza wakachimba mgodi mkubwa kuanzia miaka ya 1930 hadi ulipofungwa mwaka 1966, na mgodi wa sasa wa kampuni ya AngloGold Ashanti ukaanza uzalishaji mwaka 2000. Katikati ya tarehe hizo, hasa tangu serikali ilipolegeza biashara ya madini mwishoni mwa miaka ya 1980, ndipo walipojaa wachimbaji wadogo: Mgusu, Rwamgasa, Nyarugusu, Bulyanhulu kabla hawajaondolewa mwaka 1996, na baadaye Katoro ikageuka kutoka kituo cha njiani ikawa mji. Uchumi wao ni wa duara. Mwenye leseni ana eneo, mwenye duara ana shimo, mfadhili anatoa chakula, baruti na mafuta ya mashine ya kuvuta maji, na vijana wanashuka kwa kamba kati ya magogo ya matimba wakifuata mkanda wa mwamba ambao unaweza kupotea hatua moja mbele. Mawe yakitoka hugawanywa kwa mifuko. Kila mmoja hupeleka mgao wake kwenye karasha, unga ukaoshwa mwaloni, zebaki ikakamata chembe, na moto ukaifukuza zebaki. Mtu anaweza kufanya yote hayo miezi minane na kutoka na madeni, huku jirani yake wa mita kumi akijenga nyumba ya ghorofa. Hakuna elimu iliyo mkononi mwake inayoeleza tofauti hiyo.

Hapo ndipo mganga anapoingia na ndagu, yaani matambiko ya kutafuta utajiri. Wanaodhani wachimbaji wa maduara hawana dini hawajawasikiliza. Ndagu ni ibada kali: ina miiko, ina kufunga, ina siku za kutokutana na mwenza, ina kafara ya kuku au mbuzi na fedha nyingi, na wanaoifuata huifuata kwa uaminifu unaoweza kumwaibisha muumini wa Jumapili. Kama bidii ya ibada pekee ndiyo ingefungua moyo, Geita ingekuwa makao ya wenye hekima. Tatizo lake liko katika bei. Ibada iliyolipiwa ni lazima ilete, na isipoleta ni lazima awepo aliyeizuia, au kafara haikutosha na inatakiwa kubwa zaidi. Mkatekumeni wa Ushirombo alipokosa mvua hakuwa na mtu wa kumdai. Mteja wa ndagu anayo risiti moyoni, na anatafuta wa kumwonyesha.

Gharama ya hesabu hiyo inajulikana. Kati ya 1970 na 1984 zaidi ya watu 3,600 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi. Zaidi ya nusu yao walikuwa katika mikoa ya Usukuma, na wengi walikuwa wanawake, hasa vikongwe. Alama iliyowaponza ilikuwa macho mekundu. Miti ya Shinyanga ilikuwa imefyekwa, sehemu kubwa ili kuua makazi ya mbung'o na kupanua mashamba ya pamba, na mwanamke aliyebaki bila kuni alipikia samadi kavu na mabua kwenye jiko lenye moshi miaka hamsini. Kuanzia mwaka 2007 walengwa wakawa watu wenye ualbino. Zaidi ya 70 wameuawa nchini tangu mwaka 2000, na kitovu cha mauaji kilikuwa kanda hii ya ziwa. Deborah Bryceson na wenzake, walioandika mwaka 2010, waliifuata njia ya viungo vya waliouawa hadi kwenye uhusiano wa waganga na wachimbaji. Serikali imewafutia waganga vibali na kupiga marufuku ramli zaidi ya mara moja, na soko limebaki kwa sababu mashimo yamebaki.

Pana kisa kingine cha Shinyanga na Mwanza ambacho waumini hukisahau wanapozungumzia hekima. Mwaka 1976 vyombo vya dola vilianza msako wa wauaji wa vikongwe. Watuhumiwa wakateswa, na baadhi yao wakafa mahabusu. Dola iliyojihesabu kuwa ya kisasa ilikuwa imeangukia kosa lilelile la kutaka jina la mtu haraka, na kulikamua kwa nguvu kutoka kwenye mwili. Mwezi Januari 1977 Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu ingawa hakuwa amemgusa mtu yeyote, na wakuu wa mikoa hiyo miwili wakaondoka pia. Mwinyi alikuwa mwalimu na mtu wa swala aliyejulikana, na miaka minane baadaye akawa Rais. Siwezi kudai kwamba swala ndiyo iliyoiandika barua ile. Siasa ina sababu zake, na Mwalimu Nyerere alitaka mfano wa uwajibikaji. Lakini aina ya tendo lile ni wazi. Swali la nani lilikuwa mezani, wapo askari waliokuwa wamefanya, na yeye akajibu swali la kwanza la wazee wa Usukuma, tumekosea wapi, kwa kujitaja mwenyewe. Hilo huwa nadra kwa mwenye madaraka, na mafundisho ya dini yake na ya wengine yanaliita kumcha Mungu.

Pingamizi zito kuliko yote ni la kalenda. Mauaji yalizidi katika miongo ileile ambayo makanisa na misikiti ilikuwa inaongezeka. Jimbo Katoliki la Shinyanga lilianzishwa mwaka 1956, la Geita mwaka 1984, na AIC, kanisa lililotokana na Africa Inland Mission, ilikuwa na matawi hadi vijijini. Ikiwa ibada hufungua moyo, kwa nini watu waliobatizwa walikuwamo kati ya walioua na walionyamaza? Wapo wanaojibu kwamba hao hawakuwa waumini wa kweli. Jibu hilo ni rahisi mno, maana linamruhusu mtu kuondoa kila ushahidi asioupenda. Jibu langu ni kwamba vijiji vya Ujamaa, vilivyosimamishwa kwa haraka katikati ya miaka ya 1970, viliwabana pamoja watu ambao desturi yao ilikuwa kuhama pale ugomvi unapozidi, na wakati huohuo watemi waliokuwa wakisuluhisha walikuwa wameshafutwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Swali la tumekosea wapi lilipoteza baraza lake. Swali la nani lilibaki na mganga wake. Makanisa yaliongeza waumini bila kuziba pengo hilo, na mtu alisali asubuhi akapiga ramli usiku, kwa sababu kanisani hakupewa pa kuupeleka msiba ambao hauna maelezo.

Mwingine atasema kwamba haya yote ni kazi ya elimu na uchumi, na Mungu aachwe nje. Mpe mama jiko lisilo na moshi macho yake yatapona. Mpe mchimbaji taarifa za mwamba naye atamwacha mganga. Nusu ya hoja hii naikubali bila kusitasita. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986, ulirudisha ngitili, yaani malisho ya akiba ya Wasukuma, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimeota miti tena, na kuni zikarudi karibu na nyumba. Naye John Williamson, mjiolojia wa Kanada, aliipata almasi ya Mwadui mwaka 1940 kwa kufuata alama za udongo miaka kadhaa akiwa hana fedha na anaumwa malaria, wala hakumchinjia mtu mbuzi. Lakini tazama mambo hayo mawili yanafanana nini. Ngitili ni kuzuia ng'ombe wako mwenyewe wasiingie kwenye majani yaliyopo leo, kwa faida ya mwezi wa Septemba ambao hujui utakuwaje. Utafiti wa Williamson ni kurudi porini baada ya kukosa. Elimu nayo inadai moyo uliozoea kutokupata, na moyo wa namna hiyo hauzaliwi na ramani ya miamba. Mwenye karasha mwenye ramani bora kabisa bado anaweza kuagiza kiungo cha mtoto.

Siku hizi hatari imehamia madhabahuni. Katika miji ya wachimbaji yapo makongamano ambako mafuta, chumvi na maji huombewa kwa ajili ya duara, sadaka ikipangwa kwa kiwango cha muujiza unaotakiwa, na ushuhuda wa aliyepata ukitolewa kwa kipaza sauti huku wa aliyekosa ukikaa kimya. Jina la Yesu linatajwa, na mganga anakemewa, lakini hesabu ni ya ndagu. Darasa la wakatekumeni wa parokia, linalochukua zaidi ya mwaka, linaonekana kama upotevu wa muda kando ya ahadi ya siku chache. Tofauti kati ya ibada hizi mbili haionekani mawe yanapotoka. Inaonekana duara likikauka. Aliyelipia huanza kuuliza nani amevunja mwiko: mpishi, kijana aliyeajiriwa juzi, mwanamke aliyepita karibu na mdomo wa shimo. Ambaye hakulipia ana madeni yaleyale kwa mwenye duka na mwenye mashine ya maji, lakini hana mtu wa kumshuku.